Mesta, Pyrgi na vijiji vya mastika: kuta zilizojengwa kwa ajili ya utomvu

Vijiji vingi vinazaliwa kwa sababu ya maji, au ardhi nzuri, au njia ya biashara iliyopita hapo. Mesta, kijiji cha kisiwa cha Chios huko Ugiriki, ilijengwa vile ilivyo kwa sababu ya utomvu wa mti. Yaani kuta, mnara, vichochoro, malango yaliyokuwa yanafungwa jua likizama, vyote chanzo chake ni matone madogo yanayotoka kwenye mti mfupi uliopindapinda ambao ukiupita barabarani bila kuambiwa huwezi hata kugeuza shingo. Nilianza kusoma habari zake muda mrefu kabla sijafika, nikafika, na tangu hapo nimewachosha watu wangu kwa stori za huko, basi leo nimeamua niziweke zote sehemu moja.

Kwanza tujue tuko wapi. Chios ni kisiwa cha Ugiriki, kiko mashariki kabisa ya bahari ya Aegean, ukisimama pwani ya upande wa jua linakotoka unaiona Uturuki kwa macho yako, mji wa Çeşme uko ng'ambo hapo tu. Kusini mwa kisiwa kuna vijiji 24 ambavyo wenyewe wanaviita Mastichochoria, vijiji vya mastika, na mastika ndio huo utomvu wenyewe. Mesta ni kimoja, uko kama kilomita 35 kutoka mji mkuu wa kisiwa, halafu kuna Pyrgi, kuna Olympi, na vingine. Mimi nitakaa zaidi kwenye hivi viwili vya kwanza maana ndivyo ambavyo ukiingia unaona kabisa umbo la zamani liko palepale.

Sasa huu mti. Kitaalamu ni Pistacia lentiscus, na jamii yake imejaa kuzunguka Mediterania yote, Hispania ipo, Italia ipo, Afrika Kaskazini ipo. Lakini ule unaotoa utomvu wa maana, unaoganda ukawa kama vipande vya ubani lakini vyeupe zaidi na vinavyong'aa, ni wa kusini mwa Chios, hata kaskazini ya kisiwa hichohicho mambo hayaendi. Wapo wanaosema ni udongo wa chokaa, wapo wanaosema ni kiangazi chake kikavu, na kuna hili pia ambalo mimi naona watu hawalipi uzito wa kutosha: wakulima wa pale wamekuwa wakichagua miti inayotoa vizuri na kupanda vipandikizi vyake kizazi baada ya kizazi, mti haupandwi kwa mbegu, unakatwa tawi la mti mzuri linapandwa. Kwa hiyo mti wenyewe ni kazi ya mikono ya watu kwa karne nyingi. Wazee wa imani wana maelezo yao, wanasema Mtakatifu Isidoros alipouawa kwa ajili ya dini yake kisiwani hapo, mwaka 251 wakati wa Kaisari Decius wa Roma, miti ikalia, na mpaka leo matone yale yanaitwa machozi.

Mastika ilikuwa inatafunwa kusafisha kinywa, inatiwa kwenye dawa za tumbo, kwenye mvinyo, kwenye mikate, inachomwa kama ubani. Warumi waliijua, Waarabu waliijua. Na kitu kinachotoka sehemu moja tu duniani na kila mtu anakitaka, jamani, lazima aje mtu mwenye meli na silaha akae juu yake.

Waliokuja ni Wagenoa, watu wa Genoa, mji wa Italia. Mwaka 1346 Genoa iliichukua Chios kutoka kwa dola ya Bizanti, na uendeshaji wa kisiwa ukawa mikononi mwa kampuni, inaitwa Maona, wanahisa wake wakaja kujiita wote kwa jina moja la ukoo, Giustiniani. Hebu fikiria, kampuni ya biashara inatawala kisiwa kizima, inakusanya kodi, inahukumu watu, na bidhaa kubwa ni mastika. Walikaa mpaka 1566, miaka 220. Hawa ndio waliovipa vijiji sura tunayoiona leo. Maharamia walikuwa wanashuka pwani kila mara, wanaiba mastika na wanateka watu kwenda kuwauza, sasa kampuni ikaona wakulima waliotawanyika huku na huku ni hasara, wakakusanywa ndani ya vijiji vya ngome vilivyojengwa mbali kidogo na bahari, kwenye mabonde, ili meli ikipita isivione.

Mesta ukiitazama kutoka juu ni kama pande nne zisizolingana sawasawa, na ukuta wa nje hauko peke yake kama ukuta wa ngome za kawaida. Ukuta ni migongo ya nyumba! Nyumba za pembeni zimegusana bega kwa bega kuzunguka kijiji chote, upande wa nje hazikuwa na dirisha wala mlango, ni jiwe tupu, na kwenye pembe kuna minara midogo ya walinzi. Katikati kulikuwa na mnara mkubwa. Mapaa ni bapa na yanakaribiana kimo, na hii haikutokea tu, adui akivunja lango watu wanapanda juu na kukimbia kutoka paa hadi paa mpaka kwenye mnara bila kukanyaga chini. Huko chini vichochoro ni vyembamba na vimepindwa makusudi, vingine havitokei popote, na juu ya kichochoro kuna matao ya mawe yanayoshikilia nyumba ya huku na ya kule zisianguke tetemeko likija, sehemu nyingine limejengwa chumba kabisa juu ya njia kwa hiyo unapita chini ya kitanda cha mtu. Mchana wa jua kali ndani ya vichochoro kuna ubaridi na giza, sauti ya viatu vyako inakurudia. Nilipotea, na kila aliyefika pale atakwambia alipotea, kijiji kilichorwa kwa ajili ya hilo, mgeni asijue aendako.

Nyumba yenyewe, chini walikaa punda na mbuzi na mitungi ya mafuta na mvinyo, juu wakaishi watu, dari ni kuba la mawe. Kwa vile ukuta wa nje haukuruhusiwa dirisha, mwanga ukawa unaingizwa kupitia uwazi mdogo ulioachwa wazi katikati ya ghorofa ya juu. Akili za watu hizo.

Ila tusiseme tu kwamba Wagenoa waliwalinda watu. Walilinda mali. Mkulima hakuwa na ruhusa ya kumuuzia mwingine yeyote, na adhabu za wizi wa mastika zilipangwa kwa uzito wa ulichoiba, kidogo unapigwa, zaidi kidogo unatiwa alama ya moto au unakatwa sikio, pua, mkono, na ukikutwa na nyingi unanyongwa. Kwa hiyo yale malango yaliyofungwa usiku yalizuia maharamia wasiingie na vilevile yalizuia mastika isitoke. Ninapotazama ule ukuta naona vitu viwili kwa wakati mmoja, kinga na kifungo, na sidhani kama ni haki kusimulia kimoja ukaacha kingine, maana vipeperushi vingi vya watalii vinasimulia maharamia tu.

Christopher Columbus naye yumo humu. Kabla hajavuka Atlantiki alishawahi kufika Chios miaka ya 1470 na meli za Genoa, na alivyorudi kutoka Karibi mwaka 1493 akaandika barua kwamba huko ameona mastika, ambayo mpaka wakati huo ilikuwa inapatikana Chios tu, na kwamba wenye nayo wanaiuza bei wanayotaka. Mastika ya Karibi haikuwa mastika. Lakini inakuonyesha hiki kitu kilikuwa na thamani gani, mtu anataka kumshawishi mfalme wa Hispania alipie safari nyingine anamwahidi dhahabu, viungo, na utomvu wa vijiji hivi. Pyrgi wanakuonyesha mpaka nyumba wanayosema alilala, hilo niliwasikiliza tu kwa heshima.

1566 wakaja Waturuki, mkuu wao wa jeshi la majini Piali Pasha akakichukua kisiwa. Vijiji vya mastika vikawekwa kwenye utaratibu wa peke yake, tofauti na sehemu nyingine za kisiwa, vinapeleka kiasi kilichopangwa cha mastika kwa Sultani na vinapunguziwa mizigo mingine. Sehemu kubwa ilikwenda Istanbul, na wanawake wa harimu ya Sultani walisifika kwa kuitafuna. Wizi uliendelea kuwa kosa la kufa mtu.

Halafu 1822. Hapa huwa napata shida kuandika. Wagiriki walikuwa wameshaanza vita vya uhuru mwaka uliotangulia, Chios yenyewe ilikuwa inasita, wakaja watu wa kisiwa cha Samos mwezi Machi kuwasha moto wa uasi, na Aprili meli za Sultani zikafika chini ya kamanda wao Kara Ali. Kilichofuata ni mauaji ya halaiki, makumi ya maelfu waliuawa na makumi ya maelfu wengine wakauzwa utumwani, Ulaya nzima ikashtuka, mchoraji Mfaransa Delacroix akachora ile picha yake kubwa mwaka 1824. Vijiji vya mastika mwanzoni viliachwa salama, kwa sababu ileile, nani atavuna? Mwezi Juni baharia Mgiriki Konstantinos Kanaris akailipua meli kuu ya Kara Ali usiku na Kara Ali akafa, hasira zikamwagikia na huku kusini. Nenda Anavatos, kijiji kingine cha Chios kilicho juu ya jabali katikati ya kisiwa, uone maana ya kutoachwa: nyumba za mawe karibu zote ziko tupu mpaka leo. Mesta ina watu na Anavatos karibu haina, na sehemu kubwa ya tofauti ni mti.

Mwaka 1881 ikaja tetemeko kubwa, mji wa Chios na vijiji vingi vya kusini vikabomoka, maelfu wakafa. Mesta ikabaki imesimama, yale matao juu ya vichochoro si mapambo. Mnara wa katikati haupo tena lakini hilo si la tetemeko, wanakijiji wenyewe waliubomoa karne ya 19 wakajenga kanisa la Malaika Mkuu, Megas Taxiarchis, kubwa kupita kiasi ukilinganisha na kijiji. Kuna wanaosikitika mnara kuondolewa. Mimi siwalaumu hata kidogo, mnara ulikuwa wa mabwana na kanisa ni lao. Novemba 1912 jeshi la Ugiriki likashuka kisiwani na utawala wa Waturuki ukaisha.

Pyrgi sasa ni kitu kingine kabisa. Historia ni ileile, ukuta na mnara (mnara wake bado upo, umechakaa) lakini nyumba zimevaa. Ukuta wote kuanzia chini hadi juu umejaa pembetatu, almasi, duara, nusu duara, mistari, nyeupe na kijivu, mpaka chini ya baraza. Wanaita xysta. Fundi anapiga kwanza lipu ya chokaa na mchanga mweusi, juu yake anapaka chokaa nyeupe, halafu kabla haijakauka anapima michoro kwa rula na bikari, na anachukua uma, uma wa kawaida kabisa wa mezani, anakwarua nyeupe sehemu zinazotakiwa ili kijivu cha chini kitokee. Hakuna rangi iliyopakwa pale, ni kuondoa tu. Mafundi wanaojua kuipanga vizuri sio wengi tena, na ukiangalia kwa makini unaona nyumba ya zamani na ya juzi hazifanani mkono, ya zamani mistari inayumba kidogo na ina uhai zaidi, hayo ni maoni yangu. Mwezi Oktoba nilipokuwa huko kwenye baraza hizohizo kulikuwa kunaninginia mashada ya nyanya ndogo, wanazifunga kwa uzi zinakaa zikitumika msimu wa baridi, nyekundu juu ya ukuta wa nyeupe na kijivu. Na usiache kanisa dogo la Mitume Watakatifu nyuma ya uwanja, unaingia kwa kupita kwenye kichochoro chenye dari, ndani kumechorwa kuta zote, michoro ya mwaka 1665.

Lakini niwaambie kitu ambacho kwangu ndio moyo wa habari yote. Mawe yanaweza kukarabatiwa na mtu yeyote mwenye hela. Kazi ya mastika haikarabatiwi, ama kuna watu wanaijua ama imekufa, na bado wanaijua.

Inakwenda hivi. Kuanzia Juni hivi mkulima anasafisha chini ya mti, anaondoa majani na magugu, anasawazisha ardhi mpaka iwe kama meza, halafu anamwaga udongo mweupe laini wa chokaa kuuzunguka mti, anautandaza. Tone likidondoka lisiguse uchafu, likauke likiwa safi. Julai na Agosti ndio kuchanja, anachukua chombo kidogo chenye ncha anakwangua ganda la shina, vidonda vifupi visivyo na kina, alfajiri kabla jua halijakali, anarudi tena siku nyingine anachanja pengine, hivyo wiki kadhaa. Ukichanja sana mti unachoka, ukichanja kidogo hupati kitu, hilo hakuna kitabu kinachokufundisha, unakaa na mama yako au babu yako shambani. Utomvu unatoka kama maji, unachukua wiki mbili tatu kuganda. Kukusanya kunaruhusiwa kuanzia katikati ya Agosti, mapema zaidi hapana. Na baada ya kuhangaika kote huko mti mmoja unakupa kama gramu 150 hivi kwa mwaka. Gramu!

Kinachofuata kinachukua msimu wote wa baridi. Mastika inachekechwa kutoa mchanga na majani, inaoshwa kwa maji na sabuni, inatandazwa ikauke, halafu inasafishwa punje moja moja kwa kisu kidogo. Hii ni kazi ya wanawake, wanakaa pamoja mlangoni au sebuleni na wanaongea hapo masaa na masaa. Nilikaribishwa kwenye kikao kimoja Pyrgi, meza ya plastiki, sinia, mama wa makamo na mama yake mzee sana, mzee alikuwa haangalii kisu, anaiviringisha punje kwa kidole gumba, ncha inaingia pale penye kijidoa cheusi cha ganda, inatoka, punje inaangukia kwenye sinia, tayari ameshika nyingine. Nikajaribu, nikaipasua. Akanipa nyingine bila neno. Mkono wake ulikuwa na harufu ya msonobari na karoti mbichi kwa mbali, ndio harufu ya mastika hiyo, na ukiitia mdomoni inavunjika kama kioo, chungu kidogo, halafu inalainika na kuwa nyeupe, unaweza kuitafuna mpaka jioni.

Mwaka 1938 wakulima walianzisha muungano wao wa ushirika, na hili naliona kubwa kuliko hata watawala wote niliowataja, kwa sababu kwa mara ya kwanza bei inazungumzwa na mtu aliyechanja mti. Mpaka leo mastika inapitia kwenye ushirika. 1997 Umoja wa Ulaya ukaipa ulinzi wa jina, huwezi kuuza kitu cha kwingine ukakiita mastika ya Chios. 2014 UNESCO wakaingiza ujuzi wa kulima mastika kwenye orodha ya urithi usioshikika wa dunia, angalia hapo, ujuzi, sio mti wala ukuta. 2015 Shirika la Dawa la Ulaya likaitambua kama dawa ya asili kwa matatizo madogo ya tumbo na ngozi. 2016 likafunguliwa jumba la makumbusho ya mastika karibu na Pyrgi, mlimani, limezungukwa na miti yenyewe, lipitie kabla ya kuingia vijijini utaelewa mengi.

Na Mesta haikubaki nzima kwa bahati. Miaka ya sabini watu walikuwa wanahama, Athens, Marekani, melini (Chios ni kisiwa cha mabaharia na wenye meli), nyumba zikafungwa. Shirika la utalii la serikali likaingiza Mesta kwenye mpango wa kukarabati nyumba za vijiji vya asili na kuzifanya za kulala wageni, badala ya kujenga hoteli nje. Sio kila kitu kilienda vizuri lakini jiwe lilibaki jiwe. Leo msimu wa joto uwanja umejaa meza, msimu wa baridi milango mingi imefungwa, na hilo linaniumiza, kijiji cha mastika bila mtu wa kukaa nacho Januari akisafisha punje kitakuwa mandhari ya picha tu. Kuna vijana wamerudi, hasa baada ya uchumi wa Ugiriki kuanguka 2009 na kuendelea, mastika ikawa inalipa kuliko kukaa mjini bila kazi.

Moto ndio adui mpya. Agosti 2012 ulipita kusini mwa kisiwa ukateketeza mashamba mengi ya mastika, na 2025 kisiwa kikaungua tena. Mti uliopandwa upya unahitaji kama miaka mitano ndio uanze kutoa na zaidi ya hapo ndio utoe vizuri, kwa hiyo anayepanda akiwa na miaka 60 anajua anampandia nani.

Ukipata nafasi ya kwenda chagua kati ya vipindi viwili. Mwisho wa Agosti kama unataka kuona machozi yenyewe chini ya miti, omba ruhusa, usikanyage ule udongo mweupe, nakusihi, umetandazwa kwa mkono. Au nenda Jumatatu Safi, siku inayoanza Kwaresima ya Waorthodoksi, uwe Mesta au Olympi, maana siku hiyo wanamrudisha Agha. Mtu wa kijiji anavalishwa kama mtawala wa Kituruki, anakaa uwanjani na walinzi wake na karani, wanakijiji wanakamatwa mmoja mmoja na kuletwa mbele yake kwa makosa ya kubuni, umevaa vibaya, umemwangalia Agha, umekuja na mume mfupi, hukumu inasomwa na kila mtu anacheka mpaka machozi. Wageni nao wanakamatwa, usitegemee kupona. Hukumu ni faini, unalipa hapohapo, na pesa yote inaingia kwenye mfuko wa kijiji.